Kukifikisha chombo kwenye asteroidi: redio, picha, au kijiongoze chenyewe?

Ukishachagua asteroidi utakayoipita na roketi itakayokupeleka, linabaki swali lenye ubishi kuliko hayo mawili: nani ashike usukani saa za mwisho? Wapo watakaokuambia madishi ya Duniani yanatosha, na wana rekodi ya kuonyesha. Wapo wanaoapa kwamba bila picha za asteroidi yenyewe unakwenda ukipapasa. Na tangu 1999 wapo wanaosema chombo kiachwe kijiendeshe, sisi tukae pembeni tusubiri matokeo. Makundi yote matatu yana ushindi wa kujivunia, na yote yana makovu.

Makala haya ni ya anayetakiwa kuchagua: mwanafunzi mwenye mradi wa kubuni safari, timu ndogo yenye satelaiti ya kilo chache, au hata mfuatiliaji wa kawaida anayejiuliza kwa nini timu moja hukesha mbele ya skrini ikituma amri na nyingine hukunja mikono. Nazungumzia kupita karibu tu, si kutua wala kuzunguka. Anayezunguka asteroidi akikosea leo atarekebisha kesho. Anayeipita kwa kilomita 10 kwa sekunde ana nafasi moja, basi.

Tulinganishe kwa vipimo gani

Fikiria kiwambaza kilichosimama mbele ya asteroidi, kikikatiza njia ya chombo. Swali la kwanza ni chombo kitatoboa kiwambaza hicho wapi: juu, chini, kushoto au kulia. Swali la pili ni saa ngapi. Wageni wa fani hii huhangaika na la kwanza. Waliowahi kupanga ratiba ya kamera hukosa usingizi kwa ajili ya la pili.

Tuchukue hesabu ndogo. Chombo kinapita kilomita 1,000 kutoka kwenye asteroidi kwa kasi ya kilomita 10 kwa sekunde. Tuseme hujui vizuri asteroidi imefika wapi kwenye mstari wa safari yako. Unakosea kilomita 50. Hizo ni sekunde 5 tu. Lakini kamera imeamriwa kutazama mahali fulani kwa sekunde fulani, na pale unapokuwa karibu kabisa, sekunde 5 hizo ni karibu nyuzi 3 angani. Kamera nyingi za kisayansi zenye lenzi ndefu huona eneo lisilofika hata uzi 1. Utarudi na picha safi kabisa ya giza. Na ukijitia ushujaa ukasogeza njia hadi kilomita 300, kosa lilelile linakuwa nyuzi 9 na zaidi.

Je, chombo hakiwezi kuligundua kosa hilo kwa kutazama tu mbele? Kinaweza, ila kwa kuchelewa. Asteroidi unayoiendea hukaa karibu palepale machoni pako, kama taa ya gari linalokujia usiku kwenye barabara iliyonyooka: upande liliko unauona, umbali wake huujui mpaka likukaribie. Chukua kamera ambayo pikseli yake moja hufunika kilomita 10 ukiwa umbali wa kilomita milioni 1. Kwa umbali huo, ambao ni siku moja na saa chache kabla ya kufika, kosa letu la kilomita 50 linaisogeza asteroidi kwenye picha kwa sehemu ya pikseli isiyofika hata moja ya mia. Haisomeki. Zikibaki kilomita 50,000, yaani dakika 83, kosa hilohilo linaisogeza kwa pikseli 2. Hapo linasomeka bila shida.

Ubishi wote umejificha kati ya hali hizo mbili. Habari unayoihitaji kuliko zote hufika ukiwa umebakiwa na dakika, na njia tatu tunazolinganisha zinatofautiana hasa kwa namna zinavyoishi na ukweli huo. Kwa hiyo kila moja nitaiuliza maswali yaleyale: inapima nini, habari yake ya mwisho hufika lini, inadai nini kwa vifaa na watu, ikikwama hukwama vipi, na inamfaa nani.

Njia ya kwanza: redio kutoka Duniani

*Inachopima.* Dishi linatuma wimbi, chombo kinalirudisha. Masafa ya wimbi yanavyobadilika, kwa athari ya Dopla, yanaonyesha kasi ya chombo kuja au kwenda kwa usahihi wa sehemu ndogo ya milimita kwa sekunde. Muda wa wimbi kwenda na kurudi unatoa umbali, na kosa lake ni la mita tu. Kinachobaki ni mahali pa chombo kushoto na kulia angani. Hapo madishi mawili yaliyo kwenye mabara tofauti husikiliza chombo kwa pamoja, kisha husikiliza kwasa (kiini king'avu cha galaksi ya mbali sana) iliyo jirani yake angani, na tofauti ya muda wa mawimbi kufika inatoa pembe. Marekani inafanya kazi hiyo kwa vituo vya Goldstone, Madrid na Canberra. Shirika la Anga la Ulaya lina madishi ya mita 35 huko New Norcia, Cebreros na Malargüe. Chombo kilicho umbali wa kilomita milioni 150 kinajulikana kilipo kwa kosa la mamia ya mita hadi kilomita chache.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hakuna safari ya asteroidi iliyofika bila redio, na hao wanaojigamba kwa vyombo vinavyojiongoza hufikishwa mlangoni na madishi haya haya.

Tatizo ni kwamba vipimo vyote hivyo vinahusu chombo. Asteroidi haina redio. Mahali pake panatokana na darubini, na kosa la sehemu moja ya kumi ya sekunde ya tao (sekunde ya tao ni pembe ya uzi 1 ukigawanywa mara 3,600), likitazamwa kutoka kilomita milioni 150, ni zaidi ya kilomita 70. Kwa hiyo njia hii ina nguvu kadiri ya ubora wa mahesabu ya mzingo wa asteroidi, na anayeichagua atumie nguvu zake huko. Njia za kuuboresha zipo. Rada hupima umbali wa asteroidi moja kwa moja, ingawa tangu darubini kubwa ya Arecibo, Puerto Rico, iporomoke Desemba 2020 mzigo mkubwa uliangukia Goldstone. Orodha ya nyota ya chombo cha Ulaya cha Gaia imepunguza sana makosa ya vipimo vya darubini, maana nafasi ya asteroidi husomwa kwa kuilinganisha na nyota. Na kuna njia ninayoipenda kuliko zote: kusubiri asteroidi ipite mbele ya nyota na kuizima kwa sekunde chache. Kabla chombo cha Marekani New Horizons hakijafika Arrokoth, watu walibeba darubini hadi Argentina mwaka 2017, kisha Senegali na Kolombia mwaka 2018, wakakinga kivuli cha jiwe lililo zaidi ya kilomita bilioni 6 kutoka hapa. Walipata umbo lake na mahali pake kabla kamera yoyote haijaliona zaidi ya nukta.

*Habari ya mwisho.* Inafika kila siku, lakini haipati ubora wowote mpya kwa kuwa umekaribia. Asteroidi ndogo haina mvuto wa kutosha kukisogeza chombo kwa kiasi kinachoonekana kwenye redio. Saa mbili kabla ya kufika unajua karibu kilekile ulichojua wiki mbili kabla.

*Inachodai.* Kwa chombo, karibu hakuna, kwa sababu redio kinayo tayari. Mzigo uko Duniani: muda wa dishi, ambao hupangiwa foleni na safari nyingine zote, na watu wachache wanaojua kusoma takwimu hizo.

*Inavyokwama.* Kimya kimya. Takwimu zitakaa vizuri kabisa kwenye grafu, chombo kitakuwa pale hasa kinapotakiwa, na asteroidi itakuwa kwingine.

Mfano mzuri wa uwezo na mipaka yake ni Chang'e 2 ya China. Hiki kilikuwa chombo cha kuzunguka Mwezi, hakikubuniwa kwa asteroidi, lakini Desemba 13, 2012 kiliipita asteroidi Toutatis kwa kasi ya kilomita 10.7 kwa sekunde. Toutatis ilikuwa imepigwa rada kwa miaka mingi, hivyo njia yake ilijulikana vizuri. Tangazo la kwanza lilitaja umbali wa kilomita 3.2, uchambuzi wa baadaye ukaushusha hadi chini ya kilomita 1 kutoka kwenye uso wake. Ni ushindi usio na shaka, lakini tazama: umbali wenyewe ulijulikana vizuri baada ya tukio. Na picha zilipigwa chombo kikiwa kimeshapita, kikitazama nyuma, kwa kamera ndogo iliyowekwa kukagua paneli za jua. Ukitazama nyuma baada ya kupita, kosa la saa halikuumizi sana.

*Inamfaa nani.* Anayeiendea asteroidi iliyopimwa vizuri, anayepita mbali kiasi au mwenye kamera ya kuona eneo pana, na ambaye hana kilo wala fedha za kuongeza kifaa.

Njia ya pili: picha zinazosomwa Duniani

*Inachopima.* Chombo kinapiga picha ya asteroidi ikiwa na nyota nyuma yake. Nyota zinajulikana zilipo, hivyo picha moja inatoa mwelekeo halisi kutoka kwenye chombo hadi kwenye shabaha. Uzuri wake ni kwamba kosa la chombo na kosa la asteroidi yanapimwa kwa mpigo. Kinachojali ni nafasi ya kimoja kwa kingine, na picha inasoma hiyohiyo. Chombo cha Ulaya Rosetta kilipoiendea asteroidi Šteins mwaka 2008, mwezi mmoja wa picha uliushusha wasiwasi wa mahali pa asteroidi kutoka takribani kilomita 100 hadi takribani 2. Septemba 5 kikaipita kwa umbali wa kilomita 800. Redio peke yake haikuwa na namna ya kufika hapo.

Lakini kumbuka ile taa barabarani. Kwa siku nyingi picha zinajibu swali la wapi, zikiacha swali la saa ngapi karibu bila jibu. Swali hilo linaendelea kutegemea mahesabu ya mzingo.

*Habari ya mwisho.* Hapa ndipo penye maumivu. Picha ishuke, isafishwe, nyota zitambuliwe, kitovu cha asteroidi kitafutwe, njia ihesabiwe upya, watu wakubaliane, amri iandikwe, ihakikiwe kwenye kifaa cha majaribio, itumwe. Mwanga peke yake ulichukua saa 6 kwenda upande mmoja kati ya Dunia na New Horizons ilipokuwa Arrokoth, Januari 1, 2019. Siku za mwisho timu za namna hii hazigusi tena njia ya chombo. Zinachofanya ni kusogeza ratiba nzima ya kamera mbele au nyuma kwa sekunde kadhaa kadiri picha mpya zinavyoonyesha. Kisha zinafunika shaka iliyobaki kwa kupiga picha nyingi zinazopakana, ili popote asteroidi itakapokuwa iingie katika mojawapo. Mbinu hiyo ni salama, ila ina bei yake: fremu nyingi zinakuwa tupu, na sekunde za thamani kuliko zote zinatumika kupiga picha pasipo na kitu.

*Inachodai.* Watu, kwanza kabisa. Halafu njia pana ya kushusha data. Kwenye vyombo ambavyo antena na kamera vimefungwa mwilini, kila picha inamaanisha kugeuza chombo kizima kutoka Duniani, kupiga, na kurudi. Muda huo hakuna mawasiliano.

Jinsi uhaba wa data unavyouma, timu ya Galileo inajua. Chombo hicho cha Marekani ndicho kilichopita karibu na asteroidi kwa mara ya kwanza, Gaspra, Oktoba 29, 1991, kwa umbali wa kilomita 1,600. Miezi michache kabla, antena yake kubwa ilikataa kufunguka, na kikabaki na antena ndogo iliyotuma biti 40 kwa sekunde. Picha yake ilikuwa na pikseli 800 kwa 800, kila pikseli biti 8. Piga hesabu: picha moja nzima, saa 35 na zaidi za kutuma bila kupumzika. Warambazaji wakafanya ujanja. Badala ya picha nyingi, waliamuru kamera irudie kupiga kwenye fremu ileile huku ikisogezwa kidogo, ili fremu moja ibebe taswira kadhaa za Gaspra na za nyota. Picha chache za namna hiyo zilitosha kukifikisha. Ninapomsikia mtu akisema njia hii haiwezekani bila mawasiliano ya kasi, huwa namkumbushia Gaspra. Lakini simshauri mtu ajitakie hali ile.

*Inavyokwama.* Kwa mwanga. Ukiiendea asteroidi kutoka upande wake wa usiku unaona hilali nyembamba au huoni kitu. Chombo cha Marekani NEAR kiliifikia asteroidi Mathilde Juni 1997 kwa namna hiyo, sehemu kubwa ya uso unaoelekea chombo ikiwa gizani. Na kitovu cha mwanga wa hilali si kitovu cha asteroidi. Lazima umbo likisiwe, na kisio baya ni kosa la kilomita. Jambo jingine, halihusu urambazaji moja kwa moja lakini lipangiwe: pale Šteins kamera kuu ya Rosetta yenye lenzi ndefu ilijizima dakika chache kabla ya chombo kuwa karibu kabisa, na kamera pana ndiyo iliyookoa kazi. Njia ilikuwa sahihi kabisa.

*Inamfaa nani.* Timu yenye wataalamu, shabaha inayoonekana wiki kadhaa kabla, na umbali wa kupita unaovumilia sekunde chache za shaka. Kwa shabaha isiyofahamika vizuri ambayo utaipita kwa maelfu ya kilomita, sidhani kuna njia yenye thamani bora zaidi.

Njia ya tatu: chombo kijiongoze

Kabla ya maswali, tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Chombo kinaweza kujiongoza kwa macho, yaani kugeuza kamera kufuata asteroidi huku njia ikibaki ileile iliyowekwa na Dunia. Na kinaweza kujiongoza kwa miguu, yaani kuwasha injini zake na kubadili njia bila kuuliza mtu. La kwanza ni rahisi zaidi na ndilo wengi wanalolihitaji. Ukisoma tangazo kwamba chombo fulani kinajiendesha, uliza kwanza ni lipi kati ya hayo.

*Inachopima.* Kilekile cha njia ya pili, mwelekeo wa asteroidi kwenye picha, lakini picha haisafiri popote. Programu inatafuta doa la mwanga, inakadiria kitovu chake, inasahihisha kisio la mahali pa chombo na kuigeuza kamera.

*Habari ya mwisho.* Sekunde chache zilizopita. Zile dakika 83 za mwisho, ambazo Dunia huzitumia kusubiri, hapa ndizo zenye kazi. Kosa la saa linasomeka likiwa bado linarekebishika, na huhitaji kufunika anga yote kwa fremu tupu.

*Inachodai.* Kila kitu kabla ya safari. Kamera inayoona eneo pana kiasi cha kutoipoteza shabaha, kompyuta inayoweza kuchakata picha huku chombo kikigeuka, na juu ya yote majaribio: maumbo ya kubuni, mianga ya kubuni, nyota za uongo, chembe za miale ya anga zinazoacha madoa kwenye picha. Timu inayodhani inapunguza gharama kwa kuondoa watu wa zamu ya usiku hugundua kwamba inawahitaji watu haohao miaka mitatu mapema, mbele ya kompyuta za majaribio.

*Inavyokwama.* Haraka, na hakuna wa kuikamata. Deep Space 1 ya Marekani ilirushwa Oktoba 1998 kujaribu teknolojia mpya, mojawapo ikiwa programu ya kujiongoza. Katikati ya safari ilijua mahali ilipo kwa kupiga picha asteroidi nyingine za mbali dhidi ya nyota, kazi iliyofanyika vizuri. Julai 29, 1999 iliipita asteroidi Braille kwa umbali wa takribani kilomita 26 na kasi ya kilomita 15.5 kwa sekunde. Kwa njia, huo ni ulengaji wa hali ya juu. Macho ndiyo yaliyokosa: Braille ilikuwa hafifu kuliko ilivyotarajiwa, kamera haikusajili mwanga wake kama programu ilivyotegemea, na programu ikakosa cha kufuata. Picha zilizopatikana zilipigwa yapata dakika 15 baadaye. Kwa kasi ile, dakika 15 ni kilomita 14,000.

Usiishie hapo, maana hadithi inaendelea. Septemba 2001 chombo hichohicho, kikiwa kimeshapoteza kifaa chake cha kutambua nyota, kilikifuata kiini cha nyotamkia Borrelly hadi mwisho na kuleta picha safi. Stardust, chombo kingine cha Marekani, iliitumia asteroidi Annefrank, Novemba 2002, kama mazoezi ya kufuatilia, kisha ikaipita nyotamkia Wild 2 Januari 2004 kwa takribani kilomita 240 kamera ikiwa imeing'ang'ania. Lucy, nayo ya Marekani, iliongezewa asteroidi Dinkinesh kwenye ratiba mwaka 2023 mahsusi kwa jaribio hilo: Novemba 1 iliipita kwa kilomita 430, mfumo ukaifuata shabaha isiyofika upana wa kilomita 1, na picha zikafichua mwezi mdogo, Selam, ambao haukujulikana kabla. Aprili 2025 ikarudia kwa Donaldjohanson, mara hii kwa kasi ya zaidi ya kilomita 13 kwa sekunde. Lucy hujiongoza kwa macho tu. Njia yake huwekwa na timu ya Duniani kwa redio na picha.

Mfano wa miguu ni DART ya Marekani, ingawa yenyewe ilikwenda kugonga, si kupita. Septemba 26, 2022 programu yake ilishika usukani kama saa 4 kabla ya mgongano. Dimorphos, yenye upana wa takribani mita 160, ilianza kutenganishika na mwenzake Didymos ikiwa imebaki kama saa 1. Dunia ilikuwa kilomita milioni 11 tu kutoka pale, yaani sekunde 73 kwa ujumbe kwenda na kurudi. Hata hivyo, kwa kasi ya kilomita 6.1 kwa sekunde, ndani ya sekunde hizo chombo kilisafiri kilomita 445, na hapo hujahesabu muda wa binadamu kufikiri. Shabaha ndogo kiasi hicho haikuacha chaguo lingine.

*Inamfaa nani.* Anayepita karibu sana, mwenye shabaha ndogo au isiyojulikana vizuri, mwenye kamera nyembamba, na mwenye muda wa kutosha kabla ya kurusha. Asiye na muda huo aipunguze tamaa: achukue macho, aache miguu.

Ukiwa na hali hii, fikiria hivi

Kwa kweli hakuna anayechagua moja na kuzitupa nyingine. Redio hubeba safari, picha huikaza wiki za mwisho, na kujiongoza huingia saa za mwisho kama kumeandaliwa. Swali la kweli ni uishie ngazi gani.

Kama asteroidi yako imepigwa rada mara nyingi, mfano Apophis itakayopita takribani kilomita 32,000 juu ya uso wa Dunia Aprili 13, 2029, kosa la saa tayari ni dogo. Redio na kamera pana vitakupeleka mbali, na picha chache za mwisho zitakuwa za uhakika zaidi kuliko za lazima.

Kama shabaha iko mbali sana na iligunduliwa juzi, fedha ya kwanza iende kwenye darubini na vivuli vya nyota, kabla hujamlipa mwandika programu. Arrokoth iligunduliwa mwaka 2014, miaka minne na nusu tu kabla ya kufikiwa, na ikapigwa picha kwa mafanikio kutoka umbali wa kilomita 3,538 bila chombo kujiendesha saa za mwisho.

Kama unaiendea kutoka upande wa usiku, usiitegemee njia ya pili wala ya tatu peke yake, kwa sababu zote mbili zinakula mwanga. Panga picha bora wakati wa kuondoka, jua likiwa mgongoni mwako, na uongeze umbali wa kupita.

Kama unataka kupita chini ya kilomita 100 kwa zaidi ya kilomita 5 kwa sekunde, rudia ile hesabu ya nyuzi kwa namba zako mwenyewe. Karibu kila mara itakuambia chombo kijiongoze, angalau kwa macho. LICIACube ya Italia, satelaiti ndogo ya kubebwa mikononi, ilifanya hivyo ilipoipita Dimorphos kwa umbali usiofika kilomita 60, dakika chache baada ya DART kugonga. Kwa hiyo udogo wa chombo si kisingizio tena.

Kama timu yako ni changa na chombo ni kimoja, andaa ratiba ya fremu zinazopakana inayoweza kwenda hata programu ya kufuatilia ikishindwa kuona kitu. Iwe ndiyo ratiba ya msingi, na ufuatiliaji uingilie pale tu unapokuwa na uhakika wa shabaha. Utapoteza baadhi ya fremu, lakini doa hafifu kuliko ulivyotarajia halitakunyima zote.

Na kama njia ya chombo chako inapita jirani na jiwe jingine lolote kabla ya shabaha kuu, hata kwa maelfu ya kilomita, lichukue. Stardust na Lucy zilifanya hivyo. Piga picha, acha programu ifuate, shusha kila kitu, na ulinganishe pale ilipodhani asteroidi ipo na pale ilipokuwa kweli, ukiwa bado na miezi ya kurekebisha.